Umeme shingoni, kazi mkononi: kisa cha binti aliyetaka kufunga nywele zake

Swali lake la kwanza hakuniuliza mimi. Alimwuliza mama yake, kwa sauti ya chini, akidhani nimezama katika kuandika: "Mama, huo umeme utanifundisha kufunga nywele?" Mama akamjibu, "Utaunyoosha mkono, mwanangu. Mengine yatafuata." Nikaweka kalamu chini. Karibu kila tulichokuja kukosea, na karibu kila tulichokuja kupata, kilikuwa tayari kimo katika majibizano hayo.

Niseme mapema: umeme wenyewe ni mkondo unaopitishwa juu ya ngozi ya shingo ili kuusaidia mkono usiotii, na binti huyu si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na hali zinazojirudia kwa vijana wenye mtindio wa ubongo wa upande mmoja, yaani jeraha la mapema la ubongo linalovuruga mwendo wa upande mmoja wa mwili, na vipimo vyake ni vya mfano, nimeviweka ili hesabu ifuatike. Yanayohusu ubongo, neva, mashine na majaribio ya kitabibu ni ya kweli.

Ana miaka 16. Alizaliwa mimba ikiwa imetimia, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Alipofika miezi mitano mama akaona kila kitu anakifuata kwa mkono wa kushoto, wa kulia umekunja ngumi. Jamaa wakasema basi atakuwa wa shoto. Lakini mtoto hachagui mkono mapema hivyo. Anayeegemea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka anapaswa kuchunguzwa, maana mara nyingi hajaupenda huo anaoutumia, bali ule mwingine haumtii. Picha ya ubongo ilionyesha kovu upande wa kushoto, alama ya kiharusi kilichompata karibu na siku ya kuzaliwa. Watu wengi hawajui kwamba kichanga anaweza kupata kiharusi, ilhali ni miongoni mwa sababu kubwa za mtindio wa ubongo wa upande mmoja kwa watoto waliozaliwa miezi ikiwa kamili.

Kovu lile halikui. Kinachobadilika ni mwili unaoishi nalo. Mifupa hurefuka, hasa wakati wa balehe, na misuli iliyokaza hairefuki kwa mwendo uleule, hivyo mkono uliokuwa ukinyooka kwa urahisi utotoni unaweza kuingia ujanani ukiwa na kano fupi. Hilo ndilo nililolipima kabla ya kuzungumzia mashine yoyote. Nilikishika kiganja chake nikakiinua taratibu sana. Ukakamavu unaotokana na neva huamshwa na kasi: ukivuta upesi misuli inagoma, ukivuta polepole inalegea. Kano iliyofupika haijali kasi, inakataa vyovyote vile. Yake ilikubali, isipokuwa digrii chache za mwisho pale nilipotaka vidole na kifundo cha mkono vinyooke kwa pamoja. Kama ingekataa, mazungumzo yetu yangegeukia mabanzi, plasta za kunyooshea, pengine upasuaji, kwa kuwa hakuna umeme unaorefusha kano.

Katika kipimo cha ukakamavu kiitwacho Ashworth kilichorekebishwa, kinachoanzia 0 hadi 4, misuli ya kukunjia kifundo ilikuwa 2. Katika ngazi tano za kupima namna vijana wanavyotumia mikono katika shughuli za kila siku alikuwa ya pili: karibu kila kitu anakishika, ila polepole au kwa njia za kuzungukazunguka. Kiwiko hujikunja anapotembea haraka, kiganja hutazama chini, dole gumba hujificha ndani ya ngumi. Mkono huo kwake ulikuwa wa kukandamizia. Hushikilia daftari lisiteleze, hubeba mfuko kwa kiwiko. Alikuwa hodari sana wa mkono mmoja, na uhodari huo, niseme bila kumlaumu, ulikuwa sehemu ya tatizo: mkono wa kulia haukuwa na sababu ya kuitwa kazini.

Mambo mengine mawili yalijitokeza. Kwanza, alipofungua na kufunga vidole vya kushoto, vya kulia vilijaribu kuiga. Hii hutokea pale ambapo, baada ya jeraha la mapema, upande wa ubongo usioumia umeshika usukani wa mikono yote miwili, hivyo amri ya mmoja humwagikia mwenzake. Pili, nilimfumba macho nikamwekea kiganjani ufunguo, kisha kifungo, kisha kijiko kidogo. Kwa mkono wa kushoto alivitaja vyote papo hapo. Kwa wa kulia alisema kila kimoja ni "kitu kigumu". Watu huutazama mkono uliokunjika na kuona misuli. Mara nyingi nusu ya shida ni kwamba mkono wenyewe haujui umeshika nini.

Sasa zifikirie nywele. Tendo la kufunga nywele kisogoni huonekana dogo mpaka ulivunje vipandevipande. Bega linapaswa kupanda juu ya usawa wake na kuzungukia nje. Kiwiko kinakunjwa bila kukaza. Kiganja kinageuka kuielekea shingo, na huo ndio mzunguko ambao mkono wake huukwepa zaidi. Mkono mmoja unakusanya na kubana fungu la nywele, mwingine unapitisha mpira, unausokota, unaupitisha tena. Yote haya yanafanyika nyuma ya kichwa, pasipo macho, kwa kutegemea hisia za vidole ambazo yeye hana. Ukiniuliza, kati ya malengo yote ambayo kijana wa hali yake angeweza kuyachagua, hili ni miongoni mwa magumu kabisa. Lakini ndilo alilolitaja mara tatu bila kuulizwa. Tulipompa nafasi ya kulipima mwenyewe kwa kipimo cha 1 hadi 10, utendaji wake wa sasa aliupa 2, na umuhimu wake akaupa 10.

Lengo la mama lilikuwa tofauti. Alitaka mkono wa kulia ufanane na mwenzake. Miaka 16 ameukanda, ameunyoosha, ameufunga banzi usiku akiwa amechoka, na sasa amesikia habari za watu waliopooza wanaofungua viganja vyao kwa umeme unaopitishwa shingoni, bila kisu. Ningekuwa mimi, ningetaka hivyo hivyo.

Habari aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Kwa miaka mingi kuchochea ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva ipitayo ndani ya pingili, kulihitaji kupandikiza waya mwilini. Mwaka 2011 kundi la Susan Harkema huko Louisville, Marekani, likishirikiana na Reggie Edgerton, liliripoti kijana aliyepooza miguu ambaye kwa kichocheo kilichopandikizwa aliweza kusimama akibeba uzito wake. Baadaye watafiti walipata njia ya kupitisha mkondo juu ya ngozi. Mwaka 2024 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio la Up-LIFT: watu 60 wenye jeraha la muda mrefu la ugwe wa shingo walifanya miezi miwili ya mazoezi ya mikono peke yake, kisha miezi miwili ya mazoezi pamoja na umeme, na asilimia 72 yao walihesabiwa kuwa wamenufaika kwa nguvu na kwa utendaji wa mikono. Desemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikaidhinisha kifaa kilichotumika humo.

Nilimweleza mama kwamba idhini hiyo ni ya watu walioumia ugwe wa shingo, si ya mtindio wa ubongo, na kwamba tofauti hiyo si ya makaratasi. Aliyeumia shingo alikuwa na ubongo mzima na mikono iliyokwisha jifunza kila kitu. Barabara ndiyo iliyokatika katikati, na nyuzi chache zilizosalia zinabeba ujumbe uliokuwa ukijulikana zamani. Binti yake ana ugwe ambao haukuumia kamwe. Ulichokosa ni malezi. Katika miaka ya kwanza ya maisha ubongo huushukia ugwe kila siku, ukiimarisha njia zinazotumika, ukizinyamazisha rifleksi zisizotakiwa, yaani misuli kujibu yenyewe bila kuamriwa. Upande wake wa kulia ulipata amri chache na hafifu, hivyo rifleksi zilizopaswa kutulizwa zilibaki zimejaa ghasia. Yule wa kwanza anakumbushwa. Huyu anafundishwa kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 16. Majaribio kwa watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo yapo na yanatia moyo, lakini mengi yamekuwa ya watu wachache, na zaidi yametazama miguu, kukaa na kutembea kuliko mikono.

"Kwa hiyo hamfanyi?" mama akauliza. Tunafanya, nikamwambia, ila kwa mpangilio utakaotuonyesha umeme umeongeza nini. Hapo ndipo penye moyo wa kisa hiki kwangu, kwa hiyo naomba nitulie hapo kidogo.

Umeme unaopita ngozi ya shingo hauirukii misuli ya mkono moja kwa moja, wala hauko pale kuvikunja vidole. Vibandiko viwili vya elektrodi huwekwa katikati ya mgongo wa shingo, kimoja usawa wa pingili ya tatu na ya nne, kingine usawa wa sita na saba, na vibandiko vya kurudishia mkondo huwekwa juu ya mifupa ya nyonga. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu neva za bega hadi vidole hutokea hapo: kuanzia neva ya tano ya shingo kwa bega hadi ya kwanza ya kifua kwa misuli midogo ya kiganja. Mkondo huamsha kwanza nyuzi nene za hisia zinazoingia kwa nyuma ya ugwe. Nyuzi hizo hupeleka ujumbe kwa seli zinazoendesha misuli na kwa seli za katikati zinazozipatanisha, na hali ya seli hizo inasogea karibu na kufyatuka bila kufyatuka. Chukua mtungi wa maji uliojaa hadi karibu na ukingo: tone dogo sana linatosha kuumwaga. Tone hilo ni amri ya binti mwenyewe kutoka kwenye ubongo wake. Asipotoa amri, mtungi umejaa bure.

Watafiti pia huona ukakamavu ukipungua kwa baadhi ya watu, na hueleza kwamba huenda nyuzi zilezile za hisia huamsha seli za kutuliza ndani ya ugwe. Kwa mkono kama wake, ambao tatizo si udhaifu tu bali pia misuli ya kukunja kuizidi nguvu ile ya kufungua, utulivu huo unaweza kuwa na thamani kuliko nguvu yenyewe.

Ndiyo sababu ninapinga, kwa uwazi, mtindo wa kumlaza kijana na vibandiko shingoni huku akitazama simu. Mkondo hauna ujuzi wowote ndani yake. Unachofanya ni kuufanya ugwe usikie vizuri zaidi kwa muda fulani, na kitakachosikiwa katika muda huo ndicho kitakachofundishwa. Ukikaa kimya, umeufundisha ukimya.

Ukaguzi wa usalama ulikuwa mfupi kwa sababu majibu yalikuwa rahisi. Hana kifafa, hana kifaa cha umeme mwilini iwe cha moyo, cha sikio au pampu ya dawa, si mjamzito, ngozi ya shingo nzima, na kwa zaidi ya nusu mwaka hajachomwa sindano ya kulegeza misuli, ambayo ingetuvurugia vipimo. Tulimwambia yeye, si mama pekee, kwamba anaweza kusema "zima" wakati wowote bila kueleza sababu. Kijana wa miaka 16 mwenye ulemavu amekwisha guswa na mikono mingi ya kitabibu bila kuombwa ruhusa, na nilitaka alisikie hilo kutoka kwangu.

Mpangilio ulikuwa hivi. Wiki mbili za kupima tu, mara tatu. Wiki nne za mazoezi bila umeme, siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Kisha wiki nne za mazoezi yaleyale na umeme. Kisha wiki nne bila kuja, halafu kupima tena. Jumla ya saa za mazoezi ni 36. Sikuzichagua kiholela: mapendekezo ya kitaalamu kwa vijana wenye mtindio wa ubongo wa upande mmoja yanataja saa 30 hadi 40 ili uwezo wa jumla wa mkono ubadilike, na saa 14 hadi 25 kwa lengo mahususi. Anayempa kijana nusu saa kwa wiki kisha akasema mazoezi hayajafaa, hajayajaribu.

Mama hakupendezwa na wiki nne za kungoja. "Mashine ipo, mtoto yupo, tunasubiri nini?" Nilimjibu kwamba tukianza vyote pamoja atapata nafuu, na hatutajua ni nafuu ya nini, na kesho mtu atamwuzia umeme peke yake kwa bei ya miezi mingi. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Haya, mwalimu." Sijui kwa nini aliniita mwalimu, lakini nililipokea.

Mazoezi yalikuwa ya mikono miwili. Kuna njia nyingine nzuri, ya kuufunga mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na kwa watoto wengi imefaa. Lakini nywele hazifungwi kwa mkono mmoja, na huyu alihitaji kujifunza ushirikiano wenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulianza mezani, machoni pake: kubana fungu la kamba kwa kulia huku kushoto kukizungusha mpira juu yake. Kisha kamba ikapandishwa hadi usawa wa kifua, kisha bega, kisha pembeni ya sikio mbele ya kioo, na mwisho nyuma. Kila hatua ilipokuwa rahisi tuliisogeza kidogo. Tuliamua mapema kwamba mkono wa kulia utakuwa wa kubana tu na wa kushoto utasokota, kwa sababu kumgawia kila mkono nusu sawa ya kazi kungekuwa kumwandalia kushindwa. Dakika kumi za kila siku tulizitoa kwa hisia: kutafuta vitu ndani ya mfuko bila kutazama, kutofautisha kitambaa kinachokwaruza na kilaini.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kwake. Siku ya nne alitupa mpira ukutani akakaa kimya dakika tano. Hatukumbembeleza, tukakaa naye. Akauokota mwenyewe.

Kwa kipimo cha visanduku, ambapo mtu huhamisha vipande vidogo vya mbao kimojakimoja kuvuka kizuizi kwa sekunde 60, mkono wake wa kulia ulianza na 17, 19, 18 katika siku tatu za awali. Baada ya wiki nne za mazoezi bila umeme ukafika 22. Alama yake ya kufunga nywele ikapanda kutoka 2 hadi 4. Mabadiliko ya alama mbili katika kipimo hicho huhesabiwa kuwa na maana kwa mwenyewe, na kweli alianza kutembea na mpira wa nywele mkononi. Umeme ulikuwa haujawashwa hata mara moja.

Siku ya kwanza ya umeme tulikosea. Tulipandisha mkondo mpaka tukaona bega likijivuta juu na shingo ikikaza, tukadhani tumefika. Alikuwa anatetemeka kidogo na kila alichokigusa kilianguka. Tulikuwa tumevuka kiwango: badala ya kuuweka mtungi karibu na ukingo, tuliumwaga. Siku ya pili tulianza chini na kupandisha kidogokidogo huku akifungua kiganja kushika chupa, tukasimama pale alipofungua kwa wepesi zaidi bila misuli kurukaruka. Kiwango sahihi kilikuwa cha chini kuliko tulivyodhani, na kilitofautiana siku hadi siku, hasa alipokuwa amechoka. Mapigo yalikuwa 30 kwa sekunde, kila pigo likidumu sehemu moja ya elfu ya sekunde na ndani yake mna mitetemo ya kasi ya 10,000 kwa sekunde, mbinu inayotumiwa ili ngozi istahimili mkondo. Alisema anahisi kama maji ya moto yanayochemka kwa mbali. Ngozi ilibaki nyekundu chini ya vibandiko kwa muda mfupi baada ya kila kipindi, ikarudi.

Kulikuwa na usumbufu mmoja ambao sikuutarajia na ambao nimekuwa nikiufikiria tangu hapo. Ili kibandiko cha juu kishike, nywele zote lazima ziinuliwe kutoka shingoni. Kwa hiyo kila kipindi kilianza na mama kusimama nyuma yake na kumfunga nywele, tendo lilelile alilokuja kujifunza kulifanya mwenyewe. Katika wiki ya kwanza hakuna aliyelisema. Katika ya pili binti akasema, "Subirini, nijaribu kwanza." Tangu siku hiyo dakika kumi za mwanzo, kabla ya umeme, zikawa za jaribio hilo, na mara nyingi lilishindikana, na mama akamalizia.

Mwisho wa wiki nne za umeme visanduku vilikuwa 27. Mtu mwenye haraka atasema: umeme umeleta vipande vitano. Tazama tena. Mazoezi peke yake yalileta kama vinne kutoka wastani wa 18. Vitano vilivyofuata huenda ni mazoezi yaleyale yakiendelea kuzaa, maana saa 36 si saa 18. Kwa namba hiyo pekee siwezi kuutofautisha umeme na mazoea, na anayeweza kufanya hivyo angenionyesha njia. Huu ndio udhaifu wa mpangilio wowote wa kwanza-hiki-kisha-kile, na hata Up-LIFT, kwa ukubwa wake wote, ilikuwa na mpangilio wa namna hiyo.

Kwa hiyo tulifanya jaribio dogo la ziada katika wiki ya tatu na ya nne. Vibandiko vilikaa shingoni, mwenzangu mmoja aliwasha au kuzima mkondo kwa mpangilio wa bahati nasibu, na mwingine aliyempima hakujua upi ni upi. Kasoro haiwezi kuondoka kabisa, kwa kuwa binti mwenyewe alihisi mkondo. Hata hivyo pale kulikuwa na jambo: mkondo ukiwapo, kifundo cha mkono kiliinuka zaidi alipofikia kitu na kiganja kilifunguka upesi zaidi, na ukakamavu wa kifundo ulishuka kutoka 2 hadi 1+, ngazi iliyo kati ya 1 na 2. Kufungua kiganja ndiko kulikokuwa kukimkwamisha kila alipotaka kubana nywele. Ningesema, kwa uzito ninaouona unafaa, kwamba umeme ulimsaidia kufungua, na kufungua kulimpa mazoezi mengi yaliyofanikiwa ndani ya saa ileile. Kipindi kimoja cha kabla aliweza kujaribu hatua ya sikioni mara 12 akachoka. Chini ya umeme alifika 20 na zaidi. Ikiwa kuna faida ya kudumu, nadhani imepita kwenye mlango huo wa marudio.

Ambacho hakikubadilika ni hiki. Vidole havikujifunza kusogea kimojakimoja. Mikono iliendelea kuigana. Hisia za kutambua vitu zilisogea kidogo tu, na hizo zilisogea tayari katika wiki za mazoezi peke yake. Mama aliyataka hasa haya. Nilimwonyesha jedwali zima, bila kuruka mstari, naye akauliza kama wiki nyingine nne zingeyaleta. Nilimwambia sioni sababu ya kuamini hivyo, na kwamba nisingependa kumpa binti yake mwezi mwingine wa kusubiri vidole ambavyo yeye mwenyewe hajaviomba. Binti alikuwa ameketi hapohapo. Akamshika mama yake goti kwa mkono wa kulia, kwa namna yake, dole gumba likiwa nje.

Walikwenda nyumbani na programu ya nusu saa kwa siku na banzi la usiku lilelile, kwa sababu urefu wa kano bado unahitaji kulindwa hadi mifupa imalize kukua. Baada ya wiki nne bila mashine visanduku vilikuwa 25, ukakamavu ulikuwa umerudi kwenye 2. Utulivu wa misuli ulikuwa wa kuazima. Lakini alama ya nywele, aliyoipa 7 siku ya mwisho ya umeme, ilibaki 7.

Siku hiyo ya kupima alitaka tumbandike tena elektrodi, ili, kama alivyosema, alinganishe mwenyewe. Aliinua mikono, akakusanya nywele, akabana, mpira ukamponyoka mara mbili. Mara ya tatu ukashika. Fungu lilikaa chini mno, karibu kabisa na kola, upande mmoja umelegea, na nywele za chini zikaanguka juu ya mahali pa kibandiko cha juu hata gundi ikakataa kushika. Nilimwomba afunge tena, juu kidogo. Mama yake alikuwa ameshika mkoba wake magotini, na hakuinuka.